Viu zimeshuka ghafla? Namna ya kujua kama umefungiwa kimyakimya, na namna ya kutoka

Ramadhani iliyopita, zimebaki wiki mbili Idi iingie, wakati ambao sie wauza madera tunaungoja mwaka mzima, video zangu zilikufa. Sisemi zilipungua, zilikufa. Dera ambalo wiki ya nyuma lingetazamwa na watu elfu nne likakaa siku nzima na watu tisini, na nkiwaangalia hao tisini ni walewale, shangazi zangu, wateja wa zamani na mashoga niliosoma nao madrasa. Ujumbe wowote sikuletewa. Akaunti iko wazi, naposti kama kawaida, video naiona kwa simu yangu iko sawa, lakini ni kama nimefungua duka Biashara Street hapa Mombasa alafu usiku mtu akaja akajenga ukuta mbele ya mlango, na mie niko ndani nimepanga mali nangoja wateja.

Mtandao wenyewe sitautaja, maana haya ntakayoyaeleza yanafanya kazi kwa yote. Nimeyajua kwa kuhangaika, na tangu siku hizo nimekaa na majirani wengi tu, wa mapishi, wa hina, vijana wa vichekesho, tukafungua simu zao moja moja tukatafuta tatizo. Naandika ili wewe usipoteze msimu mzima kama mimi.

Watu wanaita shadobani. Yani hujafutwa, hujaambiwa kitu, ila huko nje mtandao umeacha kukupeleka kwa watu wasiokufolowi, au jina lako halitokei mtu akilitafuta, au komenti zako zinafichwa chini kabisa mpaka mtu abonyeze ndo azione. Kampuni zenyewe hilo neno hawalipendi, watakwambia maudhui yako "hayapendekezwi" au "usambazaji umepunguzwa", lakini kwa mtu anaetafuta riziki ni kitu kilekile.

Na usikubali mtu akwambie ni mawazo yako tu. Disemba 2019 TikTok walikiri kwamba walikuwa wamezuia video za watu wenye ulemavu zisisambae, eti kuwakinga wasitukanwe. Novemba 2022 Elon Musk alipokuwa ndo ameichukua Twitter aliandika waziwazi kwamba sera ni uhuru wa kusema, sio uhuru wa kufika, na mwezi uliofuata nyaraka za ndani za kampuni hiyohiyo zikatolewa hadharani zikaonyesha akaunti zilizowekewa alama zisitokee kwenye utafutaji, nyengine zisiingie kwenye trendi, na wenye akaunti hawana habari. Kwa hivo jambo lipo. Lakini pia, na nalisema kwa mapenzi, watu wengi wanaonijia wanalia shadobani ukifungua simu yao hawajafungiwa, kuna kitu chengine. Ndo maana kazi ya kwanza ni kuthibitisha, kufuta na kurekebisha kunakuja baadae.

Ondoa kwanza mambo mengine

Jiulize kama ni wewe peke yako. Mei 2024 nyaya za intaneti za EASSy na Seacom zilikatika baharini huko upande wa Afrika Kusini, intaneti ikawa ya kuvuta kwa kamba, na hizo nyaya zinatua hapahapa Mombasa lakini wala hatukupata nafuu. Juni 25 mwaka huohuo, siku ya maandamano, mtandao ukazorota nchi nzima. Siku kama hizo viu zinashuka kwa kila mtu na hakuna aliyefungiwa. Kwa hivo uliza wenzako wawili watatu wanaouza kitu kama chako, kama na wao wameshuka siku hiyohiyo basi tulia.

Alafu kuna saa na msimu. Ramadhani watu wanashika simu baada ya futari, na baada ya tarawehe mpaka usiku mkubwa, ukiposti saa saba mchana unaongea na watu waliolala. Januari pesa yote imeenda shule. Na video moja kufeli si ushahidi wa kitu chochote, hata mbili, angalia kumi.

Hatua ya kwanza: nambari, na daftari

Fungua takwimu za akaunti yako. Kama Instagram yako bado ni ya kawaida, geuza iwe ya kitaalamu, ni bure, ila ukiulizwa biashara au mbunifu wa maudhui fikiria kidogo, kwa sababu akaunti nyingi za biashara zinanyimwa nyimbo maarufu na watu wa video wanaumia hapo. Ukishaingia kwenye takwimu, kitu unachotafuta ni kimoja tu: kati ya waliotazama, wangapi wanakufolowi na wangapi ni wageni. Instagram wanakugawia hivo wazi. TikTok unafungua takwimu za video mojamoja na unaonyeshwa watazamaji wametoka wapi, kama ni ukurasa wa For You, ule mtu anapoletewa video za watu hata asiowafolowi, kama ni mafolowa, kama ni profaili yako, kama ni utafutaji.

Chukua daftari, hata lile la shule la mtoto lililobaki kurasa. Andika video ishirini za mwisho: tarehe, saa uliyoposti, jumla ya viu, na wageni wangapi. Najua inachosha, lakini bila hii utakuwa unabahatisha tu, na mtu anaebahatisha ndo anaefuta video nzuri akaacha mbovu.

Sasa soma. Kufungiwa kuna sura yake, wageni wanaanguka siku moja kama mtu ameteleza ngazi, mafolowa wanabaki palepale. Kama For You ilikuwa ikileta nusu ya watu wako au zaidi na sasa kwa video kumi mfululizo haileti ila wawili watatu, hapo pana neno. Lakini kama unashuka polepole miezi mitatu minne, hiyo ni watu wamechoka na unachoposti, na dawa yake ni nyengine kabisa. Na kama wageni na mafolowa wameshuka pamoja, rudi juu kule kwa saa, msimu na mtandao.

Hatua ya pili: macho ya nje

Simu yako haiwezi kukwambia ukweli kwa sababu wewe kila kitu chako unakiona. Tafuta watu watatu wasiokufolowi na ambao hawajawahi kulaiki kitu chako, na wasiwe ndugu zako wa nyumba moja wanaotumia waifai moja. Mie nlimtumia kijana wa tuktuk, mama muuza mahamri, na binti mmoja wa Likoni. Waambie waandike jina lako la akaunti kamili, herufi kwa herufi, kwenye utafutaji. Kama wameliandika lote na halitokei, au linatokea chini ya majina yasiyofanana, hiyo ni dalili nzito.

Kwa X, ile Twitter ya zamani, mtu aingie na akaunti yake aandike kwenye utafutaji from: na jina lako bila nafasi kati yake, aone kama posti zako zinakuja. Alafu wewe nenda ujibu posti ya akaunti kubwa, na yeye aitafute komenti yako kwa simu yake. Ikiwa imezikwa chini kabisa pale pa kubonyeza uone zaidi, fanya tena kwa posti nyengine mbili, maana mara moja inaweza kuwa tu mpangilio wao. Na angalia setingi zako pia, kama akaunti imewekwa alama kwamba inaposti vitu nyeti basi inafichwa kwenye utafutaji wa watu wengi, na huenda uliibonyeza wewe mwenyewe zamani ukasahau.

Lile jaribio la hashitegi watu wanalolisifu, la kutunga hashitegi ambayo hakuna mwengine anayo kama #deralakibokoni7 kisha watu waitafute, lifanye lakini usiliamini peke yake, siku hizi kurasa za hashitegi zenyewe hazionyeshi kila posti.

Na zile tovuti za "angalia kama umepigwa shadobani", kwa Instagram na TikTok zinakisia, kampuni haziwapi watu wa nje hiyo taarifa. Ikikuomba paswadi, funga saa hiyohiyo.

Hatua ya tatu: muulize mwenye nyumba

Hapa ndo watu wengi wanaruka, na hapa ndo majibu mengi yako. Miaka ya nyuma kweli ilikuwa giza tupu, sasa mitandao mingi ina sehemu inakwambia, ila haikuletei mpaka uende mwenyewe.

Instagram: ingia profaili, bonyeza mistari mitatu juu, shuka mpaka kwenye hali ya akaunti, kama simu yako iko kwa Kiingereza imeandikwa Account Status. Tangu Disemba 2022 wanakuonyesha pale kama posti zako zinaweza kupendekezwa kwa wasiokufolowi au la, na kama haziwezi wanakuonyesha ni posti ipi imeleta shida. Kijani kote maana yake hakuna kizuizi walichokirekodi.

TikTok: kwenye setingi, upande wa msaada, kuna ukaguzi wa akaunti, wanapitia posti zako 30 za mwisho na hali ya akaunti kwa jumla. Pia fungua video iliyokufa yenyewe, pengine imeandikwa kwamba haistahili kuingia For You.

Facebook ukurasa wako una sehemu ya hali ya ukurasa, na kuna kisanduku cha msaada ambacho wengi hawajawahi kukifungua maishani, meseji za onyo zinalala humo. YouTube ingia Studio uangalie maonyo na safu ya hakimiliki. X tangu Aprili 2023 wanaweka kibandiko juu ya baadhi ya posti kusema imepunguziwa kuonekana. Na imeli yako jamani, pamoja na ile folda ya taka, kuna dada mmoja tulikuta barua tatu humo za miezi miwili.

Mie nlipofungua nikakuta kitu kimoja tu. Binamu yangu anauza chai ya kupunguza tumbo, akaniomba nimpostie video moja kwa sababu nna watu, nami nikampostia, "wiki moja tumbo lote kwisha". Nshaisahau. Kumbe hiyo video ndo ilowekewa alama, na madera yote yakabeba mzigo wa chai. Nlikaa pale barazani nkaangalia ile alama nyekundu na roho iliniuma, kwa sababu ingekuwa ni kosa kwenye madera ningelifahamu mapema, lakini huko mie sikufikiria hata kutazama.

Hatua ya nne: sababu, na ipi ni yako

Kama ukaguzi umekuonyesha posti, nusu ya kazi imekwisha. Kama haukuonyesha, pita humu polepole.

Anza na kile unachouza na namna unavyokisifia. Meta, wenye Facebook na Instagram, wana mwongozo wao wa mapendekezo, waliutoa Agosti 2020, na tofauti yake na sheria za kawaida ni kwamba vitu vilivyomo havifutwi, vinakuzuia tu kupelekwa kwa wageni. Humo kuna madai ya kupunguza uzito na dawa za miujiza, kuna sigara na vepu, kuna nguo za kuonyesha mwili, kuna mikopo ya haraka na biashara za "weka hela upate hela". Na kuna kimoja kinawashtua wafanyabiashara wote nlowaambia: mashindano na zawadi za bure. Ile "folowi, sheya, tag watatu ujishindie dera" ambayo kila mtu anaifanya Idi ikikaribia, unadhani unajiinua kumbe hiyo posti haipelekwi mbali. Facebook tangu Disemba 2017 wameshasema pia wanazishusha posti zinazoomba laiki na tag na "andika NDIO". Sisemi usiwape wateja zawadi, wape, watangazie kwenye stori au kwa simu, lakini usiifanye ndo mtindo wa ukurasa wako.

Video za kunakili ni kundi kubwa la pili. Tangu Februari 2021 Instagram hawazisukumi Reels, zile video fupi zao, zenye nembo ya mtandao mwengine, ile ya TikTok inayorukaruka pembeni, na watu bado wanapakua huku wanapandisha kule. Weka video asili kwenye simu kabla hujaiposti popote, basi. Na Aprili 2024 walitangaza kwamba akaunti inayorudia maudhui ya wengine mara kumi au zaidi ndani ya siku 30, bila kuongeza kitu cha maana, haitapendekezwa. Hii inawapiga sana kurasa za habari za mtaa, zile za feri imekwama, mvua imejaa Kisauni, mchana kutwa kurudisha video za watu. Ukienda ukachukua mwenyewe, hata dakika moja na sauti yako, hiyo ni yako.

Nyimbo. Mnaopiga video za harusi, taarab ikilia nyuma inaweza kuzimwa sauti au video kuzuiwa kwa hakimiliki. Hii kwa kweli si shadobani lakini viu zinakufa vilevile, na wengi wanachanganya.

Alafu kuna tabia za roboti, na hapa usinifiche. Ulishanunua mafolowa? Una apu ya kufolowi na kuachia watu yenyewe? Unaweka komenti moja "karibu kwa madera bei poa" chini ya kurasa hamsini kwa nusu saa? Unabandika tangazo lilelile na linki ileile kwenye magrupu ishirini ya kuuza na kununua Mombasa bila kubadilisha hata neno? Wewe unajua ni jasho lako, mashine inaona roboti. Kwa Meta imeandikwa kabisa kwamba kununua laiki kunaiondoa akaunti kwenye mapendekezo. Kama unaposti magrupu, chagua matano ambayo watu wake wananunua kweli, badilisha picha, badilisha maneno, pumzika kati.

Watu huniambia pia "washindani wameniripoti". Inawezekana wameripoti, lakini Instagram wenyewe wanasema idadi ya ripoti haiamui kitu, kinachoamua ni kama posti imevunja sheria. Kwa hivo usitumie nguvu zako kutafuta adui wa mtaani.

Jambo la mwisho hapa ni lugha, na hili ni langu. Mashine zimefunzwa Kiingereza zaidi kuliko Kiswahili, na sie huku tunasema dera linaua, bei ya kukata, ukilivaa mtu anakufa. Kila binadamu wa Mombasa anajua ni sifa. Ukiona posti yenye maneno kama hayo imewekewa alama ya vurugu, usiingie woga, hiyo ina rufaa nzuri.

Hatua ya tano: safisha, lakini kwa mpango

Kabla hujagusa chochote piga skrinishoti ya alama, ya posti, na ya tarehe. Alafu amua: posti hii ina kosa kweli, au wamekosea? Kama wamekosea usiifute, ukishaifuta huna tena cha kukatia rufaa. Kama ina kosa, ifute au ihariri, na YouTube ujue kufuta video hakuondoi onyo. Ile chai mie niliifuta, kwa sababu nlikuwa nimesema kitu ambacho sikuwa na hakika nacho hata kidogo, nikamuomba binamu radhi na nikamueleza.

Usifute video mia kwa usiku mmoja kwa hasira, hiyo nayo inafanana na akaunti iliyoibiwa.

Baadae nenda kwenye apu na tovuti zilizounganishwa na akaunti yako, ondoa zote usizozikumbuka. Badilisha paswadi. Washa uhakiki wa hatua mbili. Angalia vifaa vilivyoingia, ukiona simu iko mji ambao hujawahi kufika itoe. Hashitegi ulizozinakili miaka mitatu zikiwa thelathini kila posti, achana nazo, weka tatu nne zinazosema kitu ulichoposti.

Hatua ya sita: rufaa

Mara nyingi ni kitufe tu cha kuomba ikaguliwe tena, unachagua sababu, kwisha. Mahali ambapo unapewa nafasi ya kuandika, andika kifupi, posti moja kwa rufaa moja, bila matusi na bila hadithi ya maisha. Sentensi zako ziwe nyepesi, maana hujui atakaesoma ni nani na yuko wapi, kama Kiingereza chako kiko sawa tumia hicho. Mfano wa Kiswahili:

"Posti hii ya tarehe 12 inaonyesha dera ninaloliuza. Imewekewa alama ya vurugu. Neno 'linaua' hapa maana yake ni zuri sana, ni msemo wa kawaida wa Kiswahili cha Kenya. Hakuna mtu anayetishiwa. Naomba mtu aiangalie tena."

Tuma mara moja, piga skrinishoti, ngoja. Kutuma mara kumi hakukusogezi mbele.

Kinachonisikitisha ni kwamba jamaa alie Hamburg akipunguziwa usambazaji lazima aelezwe sababu, sheria ya Umoja wa Ulaya ya huduma za kidijitali inawalazimisha, imeanza kufanya kazi kikamilifu Februari 2024. Wewe ulie Kisauni huna hiyo. Tulichonacho ni Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, kifungu cha 26 kinakupa haki ya kuona data zako zinazoshikiliwa na kifungu cha 35 kinazungumzia maamuzi yanayofanywa na mashine peke yake yanayokuathiri kwa kiasi kikubwa. Kama akaunti ndo riziki yako na umekata rufaa ukanyamaziwa, omba data zako kwa maandishi kwa kutaja hivyo vifungu, na malalamiko yanapelekwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data. Ni njia ndefu, sikudanganyi, ila ipo na naona inafaa watu wengi zaidi waitumie.

Hatua ya saba: siku za baada

Utaambiwa pumzika saa 48, mwengine atasema siku tatu, mwengine kumi na nne. Hayo ni maneno ya watu. Kilichoandikwa ni kwamba maonyo ya TikTok, yale wanayoyaita strike, yanaisha nguvu baada ya siku 90, na ya YouTube vilevile siku 90. Kwa hivo ukiwa na onyo, hesabu kutoka tarehe yake uiandike kwa daftari, na ndani ya hizo siku usiguse kitu kinachokaribiana na kile kilichokuponza.

Mie nlikaa siku nne sijaweka video, lakini stori nliweka, na kila komenti na kila meseji nikaijibu, sio kwa emoji, kwa maneno. Siku ya tano nikarudi na video moja kwa siku, saa tatu na nusu usiku, zote nimepiga mwenyewe pale kwenye kibaraza nyumbani, sauti yangu, bila linki na bila kuomba laiki. Wiki ya kwanza wageni walikuwa kumi, kumi na mbili. Wiki ya pili hivohivo, nikataka kuacha. Wiki ya tatu video moja ya namna ya kufunga leso ya harusi ikatoka nje, wageni mia sita, na kutoka hapo nikaona laini inapanda. Idi ilikuwa ishapita. Ilipofika Idi ya kuchinja ndo nikawa nimerudi nilipokuwa. Kwa hivo jipange kwa wiki na miezi, usijipange kwa siku, na linganisha wiki kwa wiki kwenye daftari, ukilinganisha saa kwa saa utaumwa na kichwa.

Usifungue akaunti mpya kukimbia ya zamani. Unawapoteza mafolowa wako, unaanza na tabia zilezile, na ukiwa umefungiwa kwa onyo baadhi ya mitandao inahesabu hiyo kuwa ni kukwepa adhabu.

Na kuna huyu kijana, utamuona tu, atakuja kwa meseji siku ambayo umeposti unalalamika: "dada mi nawajua watu wa ndani, nakufungulia akaunti, elfu tatu mia tano." Shoga yangu wa Tudor alituma hela. Alafu akaombwa zile namba zinazoingia kwa meseji, eti za kuthibitisha, akazitoa, na ndani ya dakika kumi akaunti ya miaka sita ikawa inauza bitcoin. Hakuna mtu wa ndani. Zile namba za meseji hazipewi mtu, hata akijitambulisha ni nani, hata akituma picha ya kitambulisho cha kazi. Kama tayari umezitoa, ingia sasa hivi kwenye njia ya kurudisha akaunti iliyodukuliwa, badilisha paswadi ya imeli kabla ya zote kwa sababu imeli ndo ufunguo wa nyumba nzima, na waambie wateja wako kwa stori za mtandao mwengine wasitume hela. Kisha ripoti KE-CIRT, kile kitengo cha usalama wa mtandao kilicho chini ya Mamlaka ya Mawasiliano.

Kitu kimoja ambacho ningekianza mapema zaidi kama ningejua. Idi ile video zilipokufa, madera nlioyauza yote nliyauza kwa namba za simu. Nlikuwa nazo chache, mia na kitu. Sasa kila mteja akinunua namuomba namba na namuomba na yeye aisevu yangu, maana ile orodha ya matangazo ya WhatsApp inachukua watu 256 na haimfikii mtu ambae hajasevu namba yako. Namuuliza pia kama anakubali kutumiwa mali mpya, akisema hapana simtumii. Jina, namba, saizi, rangi anayoipenda, mtaa. Naziandika kwenye daftari lilelile la viu, nimeligeuza nikaanzia nyuma, na saa hii upande wa namba umeshakaribia kukutana na upande wa viu.